Kiti cha Kushoto

Mashabiki wa mbio za magari hatufanani na mashabiki wa mpira. Wa mpira hukaa mahali pamoja akauona mchezo mzima, kisha akarudi nyumbani kubishana. Sisi hakuna hata mmoja aliyewahi kuziona mbio nzima. Unasimama kwenye kona yako tangu asubuhi, jua linakuchoma, na gari uliloliamkia linakupita kama chafya. Ukifumbua macho limeshakwenda, limekuachia vumbi na harufu ya breki. Yaliyotokea kabla ya kona yako na baada yake utayasikia kwa wengine.

Ndiyo maana katika duka la mdogo wangu kulikuwa na sheria. Mdogo wangu ni kinyozi, na watu wote humwita hivyo hivyo, Kinyozi. Jumapili alasiri alikuwa akifagia nywele, anazifunika mashine zake kwa taulo, na mashabiki wanaingia mmoja mmoja, wengine na vigoda vyao mkononi. Kabla hujafungua kinywa kusimulia, unaulizwa, "Ulisimama wapi?" Ukishataja mahali pako, unasimulia pale tu. Huruhusiwi kumwendesha dereva hata hatua moja nje ya kona yako. Ukifika mwisho wa ulichokiona, unamgeukia aliyesimama mbele yako unamwambia, "Mpokee!" Naye anampokea. Hivyo mbio zilizunguka chumba kizima, kinywa hadi kinywa, kila mtu na kipande chake, hadi gari likafika kwenye utepe.

Kulikuwa na sheria nyingine. Ile methali ya haraka haraka haina baraka ilikuwa marufuku mle ndani. Aliyeponyokwa nayo alikabidhiwa ufagio.

Mbele ya kioo kikubwa cha duka kuna viti viwili vya kunyolea, vile vya chuma vinavyozunguka, vyenye pa kuwekea miguu. Anayesimulia hukaa kiti cha kulia, kwa sababu huko ndiko anakokaa dereva. Kiti cha kushoto ni cha msoma njia. Kwa asiyejua, katika mbio hizi dereva haendi peke yake. Pembeni yake yuko mwenzake ambaye kazi yake ni kumwambia kilicho mbele kabla macho hayajakiona. "Kulia kali. Punguza. Daraja." Usukani haugusi. Yeye husoma tu, na dereva humwamini.

Kwenye kiti hicho cha kushoto, kila mdogo wangu aliposimulia, alikaa marehemu mume wangu. Alikuwa na haki, maana siku ya mbio zile tunazozisimulia kuliko zote walisimama pamoja, mtu na shemeji yake, kwenye Kona ya Kisima. Na mimi nilikuwepo. Lakini nilikuwa na mtoto mgongoni, vumbi lilipotujia nilimfunika kwa kitenge na mimi mwenyewe nikafumba macho. Kwa hiyo dukani nilikaa nyuma na cherehani yangu ya mkono, nikishona kola za mashati ya watu, na hakuna aliyewahi kuniuliza nilisimama wapi. Walishajua. "Dada alisimama gizani," mdogo wangu alikuwa akisema, nao wanacheka, nami nacheka.

Mbio zenyewe ni za mwaka ule mvua ilipoharibu barabara zote. Dereva wetu tulimwita Bubu, kwa kuwa hakuwa akizungumza na mtu, si waandishi wa habari, si mashabiki. Alikuwa anaongoza. Mpinzani wake yuko nyuma yake kama kivuli. Pale kisimani barabara inateremka halafu inakata ghafla kushoto, na siku hiyo kulikuwa na tope jekundu kama udongo wa kufinyangia. Bubu aliingia, mkia wa gari ukatangulia, gari likalala ubavu kando ya mtaro. Mdogo wangu alikuwa wa kwanza kulifikia. Hapo dukani huwa anaruka kutoka kitini:

"Limelala! Bubu ananing'inia na mkanda kama nguo kwenye kamba! Na msoma njia yuko chini kabisa, shavu lake liko kwenye kioo, tope linaingia, na mnajua anafanya nini?"

"Anasoma!" chumba kizima kinajibu.

"Anasoma! 'Kulia, daraja, punguza!' Gari limelala, yeye anasoma! Tukalishika, moja, mbili, tukalisimamisha!"

Hapo makofi, vigelegele, miguu ikigonga sakafu, na mdogo wangu akipiga kelele juu ya kelele, "Akawasha, akaondoka! Mpokee!"

Anayempokea ni Mama Tanuri. Ni mama wa makamo yangu, mwoka mikate, na kwa ushabiki hakuna mwanamume anayemfikia. Siku hiyo alikuwa kwenye utepe wa mwisho na kapu la mikate ya kuuza. Bubu alipotokea aliliacha kapu chini akakimbia, na hadi leo hajui mikate ile ililiwa na nani.

Miaka ikapita hivyo. Kisha mume wangu akatangulia mbele ya haki.

Baada ya matanga mdogo wangu alirudi kwenye kiti cha kulia, na kiti cha kushoto kikabaki wazi. Hakuna aliyekikalia. Jumapili ya kwanza alianza vizuri, akafika kwenye mteremko, akanyamaza. Tukasema ni majonzi. Jumapili iliyofuata akaanza na mteremko, akaingia kwenye kona, akarudi kwenye mteremko, akaingia tena kwenye kona. Tukaangaliana kwenye kioo.

Halafu ikatokea habari ya mteja. Alikuwa akimnyoa fundi viatu wa jirani, akamaliza upande mmoja wa kichwa, akaweka mashine chini, akatoka kwenda kununua betri za redio. Hakurudi. Alikutwa amekaa kwa jirani anazungumza kwa furaha. Yule fundi viatu alibaki kitini na kitambaa chake shingoni, nusu kichwa, nusu msitu. Watu walipokuja kumwomba radhi alisema, "Mimi sina haraka, nilikuwa napumzika." Alisubiri hadi mdogo wangu aliporudi akamalizia mwenyewe, wala hakumwambia kwamba aliondoka. Sijamsahau fundi huyo. Kila nikipita kwake humsalimu kwa jina la baba yake.

Ndipo nilipoanza kuyakumbuka maneno ya mume wangu pale kwenye kiti cha kushoto. Alikuwa msemaji sana. Mdogo wangu akivuta pumzi tu, yeye anasema, "Na taa ya mbele ilikuwa imeshavunjika, au sivyo?" au, "Hapo ndipo yule mtu wa kofia alipoteleza." Gia Nne alikuwa akimkemea kila mara. Gia Nne ni dereva mstaafu wa malori, aliyepewa jina hilo kwa kuwa anaapa lori lake la mwisho halikuwahi kuingia gia ya nne. Alikuwa akisema, "Shemeji, mwache dereva aendeshe! Umekuwa kasuku!" Na mume wangu anacheka, anaomba radhi, na baada ya muda mfupi anadakia tena.

Hakuwa kasuku. Alikuwa anasoma njia. Alishaona, kabla yetu sote, kwamba shemeji yake anapotea, akakubali aitwe domo kaya ili mwenzake asionekane. Hata mimi mkewe hakuniambia. Nililia siku niliyoelewa, lakini kilio kile hakikuwa cha uchungu.

Sasa nije kwenye habari yenyewe.

Mtangazaji wa redio, msichana mchangamfu mwenye mtoto mdogo, alimleta mwanawe kunyolewa. Wakati huo kazi ya mashine aliifanya mkwe wa mdogo wangu, mume wa binti yake, na Kinyozi mwenyewe alikuwa akipiga poda tu na kuongea na wateja. Yule msichana akasikia habari za Jumapili, sheria zetu na viti vyetu. Akarudi siku ya pili na ombi. Mbio za mwaka huu zilikuwa zinakaribia. Alitaka aje Jumapili na vyombo vyake, atangaze mbio za Bubu moja kwa moja kutoka dukani, kona kwa kona.

Mdogo wangu alifurahi kama mtoto aliyevalishwa viatu vipya. Kila aliyeingia alimwambia. Mengine aliyasahau, hilo hakulisahau.

Binti yake hakufurahi. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mtoto wetu mwema, tangu mama yake afariki ndiye anayemtunza baba yake. Alikuja kwangu akakaa kwenye ukingo wa kitanda, mkoba bado begani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Vua mkoba basi, hujaja kuchukua mizigo."

Hakuvua. "Shangazi, mwambie baba asikae kile kiti. Wewe atakusikiliza."

"Kwa nini asikae?"

"Unajua kwa nini. Dukani akipotea, ni sisi kwa sisi. Redioni ni mji mzima. Wanafunzi wangu watasikia. Wateja watasikia. Kesho wakipita dirishani watakuwa wanamwigiza. Mimi siwezi, shangazi. Siwezi kumsikia baba akichekwa."

Macho yake yalijaa. Nilimwona anavyoshika mshipi wa mkoba, kama anashikilia mtu asianguke. Sikumwambia kwamba amekosea, maana hakuwa amekosea.

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Nimemwambia anaweza kuumwa na koo siku hiyo. Mama Tanuri asimulie badala yake."

"Naye akasemaje?"

Akajifuta macho kwa kiganja. "Amesema Mama Tanuri hakusimama kisimani. Amesema yeye asiposema, Bubu anabaki mtaroni."

Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Mume wangu hayupo, na wengine waliolishika gari siku ile walikuwa wapita njia, hatukuwajua. Kona ile ilikuwa na mwenyewe mmoja tu.

Jioni yake tulikutana dukani, mimi, binti yake, Gia Nne na Mama Tanuri. Kinyozi mwenyewe alikuwa nyuma akiosha brashi zake. Gia Nne, kwa nia njema, alipendekeza tuirukie kona. Yeye Gia Nne asimulie mbio hadi kwenye mteremko, kisha Mama Tanuri apokee kwenye utepe.

"Na katikati gari limeruka kwa mabawa?" Mama Tanuri akamuuliza.

"Watu wa redio hawatajua."

"Mimi nitajua! Utanipa dereva msafi, hana hata tone la tope, nimpokee nini? Bwana harusi?"

Nikasema, "Nitakaa kiti cha kushoto."

Wakanigeukia. Gia Nne alikuna kidevu, akasema kwa upole, maana ni mtu mpole ukimwondolea kelele, "Dada, sheria ni sheria. Kiti kile ni cha aliyekuwepo."

"Nilikuwepo."

"Ulifumba macho."

"Masikio sikuyafumba. Wewe unajua gari lile lilikuwa na rangi gani. Mimi najua lilikuwa kwenye gia gani."

Mama Tanuri alipiga paja lake. "Haya! Mjibu sasa!"

Gia Nne akakuna kidevu tena, na sioni aibu kusema kwamba nililifurahia jambo hilo. Nilimgeukia mwalimu wetu. "Mwanangu, mimi ndiye shangazi yako. Nikiona baba yako anaanguka nitakuwa wa kwanza kukuita. Lakini sitamzuia kuingia barabarani kwa sababu kuna kona."

Aliutazama mlango. Kisha akasema, "Nitasimama mlangoni, shangazi. Ikiharibika, ninamtoa."

"Simama," nikamwambia. "Mlangoni pana hewa nzuri."

Wiki ile nilikwenda kila siku kwa mdogo wangu kujifunza kazi ya marehemu mume wangu. Sikuandika kitu. Tulikaa uani, tukimenya viazi, nikimsikiliza. Na nilijifunza kwa kukosea. Siku ya kwanza nilimuuliza, "Unakumbuka tope lilikuwaje?" Uso ukafunga kama duka. Neno hilo, unakumbuka, ni shimo katikati ya barabara. Ukilisema, gari linazama hapo hapo. Siku ya pili nikamsomea mapema mno, kabla hajafika, naye akakasirika: "Dada, unaendesha au unasoma?" Siku nyingine nikachelewa, nikamkuta ameshazunguka na kurudi kwenye mteremko. Lakini nikiliweka neno moja tu mbele yake, kwa wakati wake, "tope," au "mtaro," au "mtu wa kofia," alikuwa analiona mwenyewe na kuliingia kwa mwendo mzuri. Hakutaka nimsemee. Alitaka tu ajue barabara inaelekea wapi.

Jumapili duka lilijaa. Wengine walisimama nje kwenye dirisha. Mtangazaji alifunga vipaza sauti vyake kwenye mikono ya viti, akatuomba jambo moja: "Wazee wangu, makofi hapana. Vyombo vyangu vikisikia makofi havisikii kitu kingine. Pigeni moyoni."

"Moyoni mimi napiga tangu asubuhi," Mama Tanuri akasema, watu wakacheka, na taa nyekundu ikawaka.

Gia Nne alikuwa wa kwanza kukalia kiti cha kulia. Alisimama uwandani siku ile, mahali pa barabara iliyonyooka ndefu, na alisimulia kama anayeendesha lori, polepole na kwa uzito, lakini alifika. "Namwona Bubu anapotelea kwenye mteremko," akasema. "Mpokee!"

Mdogo wangu akapanda kitini. Alikuwa amevaa koti lake jeupe la kazi, limepigwa pasi na binti yake. Nami nikapanda kiti cha kushoto. Miguu yangu haikufika pa kuwekea. Nilimwona kwenye kioo, na nyuma yetu nilimwona binti yake mlangoni, mikono kifuani.

"Ulisimama wapi?" mtangazaji akauliza kama tulivyomfundisha.

"Kona ya Kisima," akajibu, kwa sauti ya mtu mwenye mali yake.

Alianza vizuri. Mvua, tope, watu waliopanda kwenye ukuta wa kisima. Alisema jinsi unavyomsikia Bubu kabla hujamwona. Akafika kwenye mteremko. "Anashuka," akasema. "Anashuka kwa kasi." Akanyamaza kidogo. "Anashuka."

"Taa moja," nikasoma.

"Taa moja imevunjika! Anashuka na jicho moja kama mtu aliyepigana sokoni!" Watu wakajiziba midomo wasicheke kwa sauti. Akaingia kwenye kona, mkia ukatangulia, gari likalala. Akasema habari ya mkanda na nguo kwenye kamba. Akasema habari ya msoma njia, shavu kwenye kioo, naye anasoma. Nikaona midomo ya chumba kizima ikijibu bila sauti. "Tukalishika," akasema. "Tukalisimamisha!"

Hapo ndipo makofi huanza. Siku zote huanza hapo. Safari hii hakuna aliyepiga, kwa sababu tuliombwa. Mdogo wangu alingoja. Mkono wake ulikuwa juu, ukingoja kelele imbebe hadi mwisho wa hadithi, na kelele haikuja. Nikaona macho yake yanatafuta kwenye kioo, yananipita, yanarudi. Mkono ukashuka polepole.

Kimya redioni si kama kimya cha nyumbani. Mtangazaji alinitazama. Binti wa Kinyozi alishusha mikono, akapiga hatua moja ndani.

Nilikuwa na neno langu tayari. Neno lilikuwa "akawasha." Tulishalifanyia mazoezi. Lakini kimya kile kilinirudisha mahali nilipokuwa siku ile, chini ya kitenge, macho nimefumba, nikajua kwamba neno si hilo. Gari lilipokita magurudumu chini halikuwaka. Katika miaka yote ya makofi nililisahau jambo hilo, na sasa nililisikia waziwazi.

Nikasoma nilichokisikia. "Injini imezimika. Kimya. Mtoto mgongoni kwangu ameacha kulia. Watu wamenyamaza. Wewe uko wapi?"

Mdogo wangu aligeuza kichwa upande wangu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, si ile ya kusimulia, "Dirishani."

"Dirisha la nani?"

"La Bubu. Niko karibu naye kama nilivyo na wewe." Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayechungulia. "Hagusi usukani. Mikono iko mapajani. Anasema... Bubu anasema. Anasema, 'Siwezi tena.'"

Hatukuwahi kulisikia hilo, hakuna hata mmoja wetu.

"Yule mwenzake ameacha kusoma," mdogo wangu akaendelea. "Ana tope hadi kwenye meno. Hamgombezi. Hamwambii kwamba mpinzani anakuja. Anaweka mkono wake juu ya mkono wa Bubu, anaupeleka taratibu kwenye gia. Anamwambia, 'Kona iliyo mbele tu. Nyingine usizihesabu. Hiyo moja iliyo mbele tu.' Bubu ananitazama mimi. Sijui kwa nini mimi. Nikamwambia, 'Twende, kaka.' Basi. Nilimwambia twende." Akaushika mkono wa kiti. "Akawasha."

"Gia ya kwanza," nikasema, maana niliisikia.

"Gia ya kwanza. Tope likaturukia sote. Akaondoka." Akazungusha kiti, akamtafuta Mama Tanuri kwenye umati, akampata. "Mpokee, mama. Mpokee vizuri, amechoka."

Mama Tanuri alimpokea. Nadhani hata waliokuwa wakisikiliza barabarani walimwona Bubu akifika utepeni na jicho moja na tope lake lote. Taa nyekundu ilipozimika ndipo makofi yote yaliyofungiwa moyoni yalitoka kwa pamoja, kioo kikatikisika.

Gia Nne alikuja mbio, kidole juu. "Wewe Kinyozi! Miaka yote hii! Miaka yote umetuficha habari ya Bubu!"

Mdogo wangu alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Niliwaficha? Kila nikifika hapo mlikuwa mmeshaanza kupiga makofi."

Gia Nne akachukua ufagio mwenyewe bila kuambiwa na yeyote.

Binti wa Kinyozi hakuwa tena mlangoni. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha baba yake, anamfungulia koti jeupe kwa kuwa alikuwa ametoka jasho. Hakusema habari ya kuchekwa. Wanafunzi wake walimwambia kesho yake walichomwambia, hilo ni lake kusimulia, lakini najua kwamba Jumanne alikuja kwangu, na safari hii mkoba aliuvua kabla hajaketi.

"Shangazi, nifundishe kumsomea."

"Kona ya Kisima?"

"Hapana. Asubuhi. Anapoamka, anakaa kitandani hajui aanze na nini, na mimi ninamwuliza, baba umesahau? Kila siku ninamwuliza hivyo. Halafu siku nzima inaharibika."

Nikamfundisha nilichokijua. Usimuulize kama anakumbuka. Usimfanyie. Neno moja, lililo mbele, kwa wakati wake. Anajifunza vizuri, ni mwalimu, ila ana haraka kidogo, kama walimu wote wanaowahi kengele. Juzi nilifika kwao mapema nikawakuta chumbani. Mdogo wangu amekaa kitandani, uso umetulia, na binti yake amesimama pembeni, mkono wa kushoto.

"Shati, baba," akasema.

Mdogo wangu alijitazama kifuani, akamtazama binti yake. "Mwanangu, shati hili hapa, nimeshalivaa. Usinisomee kona niliyokwisha kuipita."

"Samahani, baba." Nilimwona anajitahidi asicheke. "Viatu."

"Haya," akasema mdogo wangu, akainama. "Viatu."